Washairi Nyuma ya Kioo

Jioni ya tarehe 24 Machi 2020 Waziri Mkuu wa India, Narendra Modi, alilihutubia taifa lake na kutangaza kwamba kuanzia usiku wa manane watu watakaa majumbani mwao kwa muda wa siku 21. Amri hiyo iliwahusu watu bilioni moja na milioni mia tatu, nao walipewa saa nne tu za kujitayarisha. Siku tatu baadaye Prakash Javadekar, aliyekuwa waziri wa habari na utangazaji, alitoa tangazo la namna nyingine: shirika la televisheni la taifa, Doordarshan, lingeanza kuonyesha tena tamthilia ya Ramayan, saa tatu asubuhi na saa tatu usiku. Sababu iliyotolewa ilikuwa moja, kwamba umma umeiomba.

Tamthilia hiyo haikuwa ngeni kwa yeyote. Ramanand Sagar aliitengeneza kwa sehemu 78, ikaonyeshwa Jumapili asubuhi tangu Januari 1987 hadi Julai 1988. Katika saa hiyo barabara zilikuwa tupu na masoko yamelala. Watu walioga kwanza, wakavua viatu, wakaivisha televisheni shada la maua na kuifukizia ubani, kama kwamba kile kisanduku kimegeuka mahali pa ibada. Katika mji wa Jalandhar wafagiaji waligoma mwaka 1988 walipoona hadithi inakwisha bila ya kusimuliwa habari za wana wa Rama. Taka zikarundikana, mgomo ukaenea, na serikali ikakubali hadithi irefushwe. Ni nadra katika historia ya utungo wowote kwa wasikilizaji kumlazimisha msimulizi aendelee kwa kutumia taka.

Ili kuielewa hamu hiyo hapana budi kukumbuka jinsi televisheni ilivyochelewa kuwafikia Wahindi walio wengi. Matangazo ya majaribio yalianza Delhi mwaka 1959, lakini kwa zaidi ya miaka ishirini chombo hicho kilibaki kuwa cha wachache. Rangi iliingia mwaka 1982, mwaka wa Michezo ya Asia iliyofanyika Delhi. (Si vibaya kukumbusha hapa kwamba Unguja ilikuwa na televisheni ya rangi tangu 1973, na kwamba Tanzania Bara ilingoja mpaka 1994 kupata televisheni ya aina yoyote.) Mwaka 1984 ikaja Hum Log, tamthilia ya mfululizo iliyotungwa na Manohar Shyam Joshi juu ya jamaa ya watu wa kipato kidogo, na kila sehemu ilipokwisha mwigizaji mkongwe Ashok Kumar alitokea na kuzungumza na watazamaji kama babu azungumzavyo na wajukuu. Shirika lilikuwa moja, la serikali. Aliyekuwa tajiri wa Bombay na mkulima aliyechungulia dirishani kwa jirani walitazama kitu kimoja kwa wakati mmoja, na kesho yake walikuwa na mazungumzo mamoja.

Hali hiyo ndiyo iliyorudi, kwa muda mfupi, mwaka 2020. Wakati huo India ilikuwa na mamia ya stesheni, na kila kijana ana simu mkononi, lakini karantini iliwakusanya watu wa umri wote katika chumba kimoja. Tarehe 30 Aprili Doordarshan ilijigamba kwamba sehemu iliyoonyeshwa tarehe 16 ya mwezi huo ilitazamwa na watu milioni 77, na kwamba hapajapata kuwapo burudani iliyotazamwa na wengi kiasi hicho duniani. Majigambo hayo yalipingwa papo hapo, na kwa haki: sehemu ya mwisho ya tamthilia ya Kimarekani M*A*S*H, mwaka 1983, inakadiriwa kutazamwa na watu milioni 106. Hata hivyo milioni 77 si haba. Ni zaidi ya watu wote waliohesabiwa Tanzania katika sensa ya mwaka 2022.

Lakini si wote waliokuwa chumbani. Tarehe 28 Machi, siku ile ile Rama aliporudi kwenye kioo, maelfu ya vibarua walisongamana katika kituo cha mabasi cha Anand Vihar, Delhi, wakitafuta usafiri wa kurudi vijijini. Kazi zimefungwa, treni zimesimamishwa, na kodi ya chumba haina wa kuilipa. Waliokosa basi waliondoka kwa miguu, mizigo kichwani na watoto mgongoni, safari za mamia ya kilomita. Siku hiyo hiyo waziri Javadekar alisambaza picha yake ameketi sebuleni kwake akitazama Ramayan, akiwauliza wananchi kama nao wanatazama. Alishutumiwa vikali, akaiondoa picha. Kisa cha Rama ni kisa cha mwana wa mfalme anayefukuzwa kwao na kutembea porini pamoja na mkewe na nduguye kwa miaka 14. Waliokuwa wakikiishi wakati ule walikuwa barabarani, na waliokuwa wakikitazama walikuwa sebuleni. Mnamo tarehe 8 Mei vibarua 16 waliochoka kwa mwendo na kulala juu ya reli karibu na Aurangabad walipondwa na treni ya mizigo.

Kuna jambo jingine ambalo marudio hayo yaliyaamsha, nalo ni kumbukumbu ya yaliyotokea baada ya mara ya kwanza. Kisa cha Rama hakina sura moja. Kuna Kisanskriti cha Valmiki, kuna cha Tulsidas cha karne ya 16, kuna cha Kamban kwa Kitamil, na pembezoni mwa hivyo kuna visa visivyohesabika vya wanawake, vya watu wa tabaka la chini, vya Wabudha na Wajaini. Msomaji aliyepata kushika hati za tenzi za pwani, ambaye anajua kuwa nakala mbili za utenzi mmoja hazilingani hata beti, hatashangaa. Sagar alichota katika visima kadhaa, na alisema hivyo. Lakini kitu kikishapeperushwa na dola kwa nchi nzima, sura hiyo moja huwa ndiyo sura. Mwanahistoria Romila Thapar alilionya hilo mapema, miaka ya themanini haijaisha. Mwaka 1991 waigizaji wawili wa tamthilia ile, Deepika Chikhalia aliyekuwa Sita na Arvind Trivedi aliyekuwa Ravana, walichaguliwa kuingia bungeni kwa tiketi ya chama cha BJP. Tarehe 6 Desemba 1992 msikiti wa Babri huko Ayodhya ulibomolewa na umati, na maelfu ya watu, Waislamu wakiwa wengi wao, wakauawa katika ghasia zilizofuata. Itakuwa ni uvivu wa fikra kudai kwamba tamthilia ilibomoa msikiti. Mtaalamu Arvind Rajagopal, katika kitabu alichokitoa mwaka 2001, alipima neno hili kwa uangalifu zaidi, akionyesha jinsi televisheni ilivyotandika jamvi na wanasiasa wakaja kuketi. Jamvi hilo halijakunjwa. Arun Govil, aliyekuwa Rama, alichaguliwa mbunge wa Meerut mwaka 2024.

Na hapa ndipo inapofaa kumtaja mshairi.

Pamoja na Ramayan, Doordarshan ilirudisha tamthilia ya pili, Mahabharat ya B. R. Chopra na mwanawe Ravi, yenye sehemu 94, iliyoonyeshwa mara ya kwanza tangu Oktoba 1988 hadi Juni 1990. Kuugeuza utenzi wa Kisanskriti unaohesabiwa kuwa na beti zipatazo laki moja kuwa mazungumzo ya watu wanaoonekana na kusikika kulihitaji fundi. Fundi huyo alikuwa Rahi Masoom Raza, Mwislamu wa madhehebu ya Shia, aliyezaliwa mwaka 1927 katika kijiji cha Gangauli, wilaya ya Ghazipur, ukingoni mwa nchi ya mto Ganga. Alisomesha katika Chuo Kikuu cha Aligarh, alitunga mashairi kwa Kiurdu, na mwaka 1966 alitoa riwaya yake kubwa, Aadha Gaon, juu ya kijiji chake mwenyewe na kugawanywa kwa India mwaka 1947, kijiji ambacho majlisi ya Muharram ndiyo kalenda yake. Baadaye alihamia Bombay kuandikia filamu, kazi iliyomlisha mpaka alipofariki Machi 1992. Hakuuona mwezi wa Desemba wa mwaka ule.

Husimuliwa kwamba Chopra alipomwomba, Raza alikataa kwa kukosa wasaa. Chopra akalitangaza jina lake mbele ya waandishi wa habari hata hivyo. Barua zikaanza kumiminika, nyingine zikiuliza kama Wahindu wote wamekufa hata kazi hiyo apewe Mwislamu. Chopra akazifunga barua hizo na kumpelekea mshairi. Kesho yake Raza alimjibu kwamba sasa ataiandika yeye na hatoiandika mwingine, kwani yeye ni mwana wa Ganga. Kisa hiki kimesimuliwa mara nyingi na huenda kimeng'arishwa njiani, kama visa vyote vizuri. Lakini kazi ipo, na inajisemea yenyewe.

Ugumu wa kwanza wa utenzi ule ni kujua nani anasimulia. Katika maandishi ya kale msimulizi yumo ndani ya msimulizi mwingine, naye ndani ya mwingine. Raza akaukata mkufu huo. Akampa usimulizi Wakati wenyewe: sauti nzito isiyo na mwili, gurudumu likizunguka katika giza la nyota, Wakati ukisema kwamba umeyaona yote na hauna upande. Ni suluhisho la mshairi. Mtungaji wa filamu angetafuta mzee mwenye ndevu chini ya mti. Lugha nayo ilikuwa mtihani, kwa sababu Kihindi chake kilipaswa kuwa kizito cha kifalme, na huyu ni mtu aliyeishi kwa Kiurdu. Alisaidiwa kwa nasaha na mshairi mwingine, Pandit Narendra Sharma, aliyefariki mwaka 1989 kabla ya kazi kumalizika. Mwaka 2020, katikati ya wiki ambazo Waislamu wa India walikuwa wakisingiziwa hadharani kueneza korona, mamilioni waliketi kusikiliza maneno ya mtu wa Gangauli yakitoka kinywani mwa Krishna. Jina lake lilipita kwenye kioo kila siku. Wangapi walilisoma ni suali jingine.

Nyingine zilizorudi zinaweza kutajwa kwa haraka: mpelelezi Byomkesh Bakshi wa miaka ya tisini, Circus ya mwaka 1989 iliyokuwa na kijana Shah Rukh Khan, Buniyaad ya 1986 juu ya jamaa iliyokimbia Lahore, na Shaktimaan kwa ajili ya watoto ambao sasa wana watoto wao. Mwezi wa Aprili ikafunguliwa stesheni nzima ya vitu vya kale, DD Retro.

Katika zile zilizotangazwa kwa vishindo mwezi wa Machi haikuwamo Mirza Ghalib ya Gulzar, ya mwaka 1988, na kwa wapenzi wa ushairi hiyo ndiyo yenye thamani kuliko zote. Gulzar, mshairi mwenyewe, aliiandika na kuiongoza. Naseeruddin Shah aliigiza. Jagjit Singh na mkewe Chitra waliimba. Wengi wanaijua kwa kanda za nyimbo zake bila ya kupata kuitazama. Ghazali ina sharti gumu: kila beti ya mishororo miwili hujitegemea kwa maana, na kinachozifunga beti pamoja ni kina na neno linalorudiwa baada yake, mpaka beti ya mwisho ambamo mshairi hujitaja kwa lakabu yake, jambo ambalo mtunzi wa pwani anayeweka jina lake katika tamati hahitaji kufunzwa. Shairi la namna hiyo halitaki kugeuzwa hadithi. Gulzar alipata njia: hakulifanya shairi lieleze maisha wala maisha yaeleze shairi, bali aliviweka sambamba. Mtoto anakufa, nao walikuwa saba, hakuna aliyeishi, mtu anatoka nje ya mlango, sauti inaanza. Safari ya Calcutta kudai pensheni ya ukoo, iliyokwisha bila ya mafanikio, na kifungo cha mwaka 1847 kwa kucheza kamari, vyote vimo, bila ya kumwonea haya shujaa wala kumwosha.

Ghalib mwenyewe alijua kufungiwa. Maasi ya mwaka 1857 yalipofika Delhi alijifungia nyumbani kwake Ballimaran, na baada ya Waingereza kuuteka tena mji mwezi wa Septemba, wakaua na kufukuza, mtaa wake ulisalimika kwa kuwa ulilindwa na askari wa maharaja wa Patiala, ambaye matabibu wake waliishi hapo. Milango ya mtaa ikafungwa. Hakuna soko, hakuna mchotaji maji, hakuna wa kufua nguo. Mvua iliponyesha walitandaza shuka uani wapate maji. Alikuwa na umri wa miaka 59, na katika hali hiyo aliandika kwa Kifarsi kitabu cha kumbukumbu za siku zile, Dastanbu, kilichochapwa Agra mwaka 1858. Mwezi wa Oktoba nduguye Yusuf, aliyekuwa amerukwa na akili kwa miaka mingi na kuishi nyumba ya mbali kidogo, alifariki. Hapakuwa na sanda ya kununua, wala mwoshaji, wala mchimba kaburi, na kutoka nje kulikuwa hatari. Majirani wachache walimwosha, wakamkafini kwa shuka mbili tatu zilizotoka nyumbani kwa Ghalib, na wakamzika katika msikiti uliokuwa karibu.