Vimbunga vya 2024: Kutoka Hidaya Mpaka Chido, na Kwa Nini Msee wa Lucky Summer Afuatilie

Mei 3, 2024, Rais Ruto alitangaza kwamba huenda Kenya ikapigwa na kimbunga chake cha kwanza. Jina lake: Hidaya. Wakati huo Kanairo ilikuwa tayari imelowa. Mathare maji yalikuwa yameingia kwa keja usiku, shule zilikuwa hazijafunguliwa, na watu zaidi ya 200 walikuwa wamekufa nchini tangu mvua ya masika ianze. Kwa hivyo swali lililozunguka mtaani, kuanzia Lucky Summer, Baba Dogo mpaka Dandora, lilikuwa moja: hii kitu inakuja huku?

Jibu fupi ni zii. Lakini usifunge hii stori bado.

Kwanza, kimbunga ni nini?

Ni upepo mkali unaozunguka juu ya bahari yenye joto, yaani maji ya nyuzi kama 26.5 au zaidi. Yale maji yanapanda kama mvuke, yanageuka mawingu, na joto linalotoka hapo ndilo linazidisha upepo. Upepo ukipita kilomita 119 kwa saa, sasa hicho ni kimbunga kamili. Marekani wanakiita harikeni, Asia Mashariki ni taifuni, huku Bahari ya Hindi ni saikloni. Majina matatu, kitu moja.

Mbona hakifiki Nairobi?

Sababu ni mbili. Ya kwanza, kimbunga kinahitaji msukumo wa dunia inavyojizungusha ili nacho kizunguke. Karibu na ikweta huo msukumo ni mdogo sana, na Nairobi iko nyuzi moja na kitu tu kusini ya ikweta. Ya pili, kikiacha bahari kinakosa chakula. Kutoka Mombasa mpaka huku ni zaidi ya kilomita 400, na tuko juu mita zaidi ya 1,600. Kingekuja, kingefika kikiwa wingu lililochoka.

Tanzania wako kusini zaidi, na wao historia wanayo. Aprili 1872 kimbunga kilipiga Unguja na kufagia mashamba mengi ya karafuu. Mwaka wa 1952 kingine kilipiga Lindi.

2024 ilivyoenda

*Januari na Machi.* Belal kilipita Réunion Januari, halafu Gamane kikaingia kaskazini mwa Madagaska mwisho wa Machi na kuacha mafuriko.

*Mei: Hidaya.* Kilifika kiwango cha kimbunga kamili karibu na Tanzania kuliko watu walivyozoea kuona. Kilipotua kisiwa cha Mafia Mei 4 kilikuwa kimepoa sana. Feri za Dar na Zanzibar zilikuwa zimesimamishwa. Pwani ya Kenya wavuvi waliambiwa wasiingie baharini, na upepo na mawimbi makali yakaonekana. Baada ya wiki mbili hivi ikaja dhoruba Ialy, ikapanda kaskazini mpaka karibu na ikweta na kuleta upepo tena pwani yetu. Kumbuka msimu wa upande huu huhesabiwa kutoka Novemba mpaka Aprili. Hizi mbili zilikuja wakati kila mtu ameshafunga kitabu.

*Julai: Beryl.* Kule Atlantiki, Beryl kilifika daraja la 5, lile la juu kabisa, siku za kwanza za Julai. Hakuna kingine kilichowahi kufika hapo mapema hivyo. Kisiwa cha Carriacou, Grenada, kilibaki bila mapaa.

*Septemba: Yagi na Helene.* Yagi kilipita Ufilipino, China na Vietnam, na mvua yake ikazamisha Myanmar. Waliokufa walikuwa mamia. Helene kilitua Florida Septemba 26 na kuua watu zaidi ya 200 Marekani.

*Oktoba na Novemba.* Milton kilipiga Florida tena Oktoba 9. Novemba, Pasifiki ya magharibi ilikuwa na dhoruba nne zenye majina kwa wakati mmoja. Atlantiki ilifunga mwaka na dhoruba 18 zilizopewa majina, 11 zikiwa harikeni.

*Desemba: Chido.* Desemba 14 kilipiga Mayotte, kisiwa ambacho wenyeji wanaongea Kishimaore, ndugu wa damu wa Kiswahili. Upepo ulipita kilomita 200 kwa saa na mitaa ya mabati ikalala chini mlima mzima. Kesho yake kikaingia Msumbiji, na huko kikaua watu zaidi ya 100.

Sasa Lucky Summer inaingiaje?

Rudi kwa Helene. Wengi waliokufa hawakuwa ufuoni. Kuna waliokuwa milimani North Carolina, mamia ya kilomita kutoka baharini, na wengi wao waliuawa na maji. Upepo unapata picha zote, lakini maji ndiyo huua wengi. Na maji hayahitaji kimbunga.

Mafuriko ya Nairobi ya 2024 hayakuletwa na Hidaya. Mathare ilizama usiku wa kuamkia Aprili 24, na Mai Mahiu ikapoteza watu karibu 50 au zaidi Aprili 29. Hidaya hata kilikuwa hakijapata jina. Ile ilikuwa mvua ya masika iliyozidi, ikakuta mitaro imeziba na mabati yamejengwa mpaka mdomoni mwa mto. Baadaye gava ikabomoa keja za kando ya mito na kuahidi Sh10,000 kwa kila familia. Ukijua bei ya kuhama na deposit, hesabu fanya mwenyewe.

Kimbunga cha mbali pia kinaweza kufanya kinyume: kutunyima mvua. Machi 2019, Idai kilipopiga Beira, kilivuta unyevu kuelekea kusini na masika ya Kenya yakachelewa. Mkulima akikosa mvua, sukuma na nyanya zinapanda bei, na hiyo utaisikia ukiwa kwa mama mboga hapa hapa.

Rada ya kushika

- Ukisikia kimbunga Bahari ya Hindi, angalia taarifa ya Idara ya Hali ya Hewa, wale wa Dagoretti Corner. Forwadi ya WhatsApp haina mwenyewe.
- Mto Nairobi unaanzia bwawa la Ondiri, Kikuyu. Mvua ikimwagika kule juu, maji yatafika Korogocho na Dandora hata kama kwenu hakujanyesha. Usipime mto kwa kuangalia wingu la mtaa wako.
- Maji yanayokimbia yakifika magoti, usivuke. Gari nayo hubebwa.
- Mtaro wa ploti ukiziba, uzibueni kabla ya Machi. Mvua ikianza ni kuchelewa.
- Weka kitambulisho, vyeti na dawa kwa mfuko mmoja wa plastiki, mahali unaweza kunyakua gizani.

Hidaya kwa Kiswahili ni zawadi. 2024 ilitufunza hatuhitaji kutumiwa kutoka baharini ndio tuzame.