Filamu Bila Kamera

Leo tutasoma habari za Len Lye, fundi wa sinema aliyefanya rangi zicheze muziki. Alizaliwa mwaka 1901 katika mji wa Christchurch, nchi ya New Zealand. Mwaka 1926 alifika London, Uingereza.

Lye alitaka kutengeneza sinema, lakini kamera ilitaka fedha, naye hakuwa nazo. Basi akachukua utepe wa filamu, akaupaka rangi kwa mkono wake. Hesabuni wenyewe: sinema yenye sauti hupitisha picha 24 kwa sekunde 1. Kwa dakika 1 ni picha 1,440! Hivyo ndivyo ilivyopatikana filamu ya A Colour Box, mwaka 1935. Rangi zake zilifuata muziki wa Kuba. Posta ya Uingereza ilitoa fedha, na mwishoni yakatiwa maneno ya kutangaza vifurushi vyake.

Mwaka 1944 Lye alihamia New York, Marekani. Huko alikwaruza filamu nyeusi kwa sindano, na mistari myeupe ikacheza ngoma ya Wabagirmi wa Chad. Filamu hiyo, Free Radicals, ilipata tuzo mjini Brussels mwaka 1958. Lakini sifa si fedha. Hakupata wa kumlipia kazi nyingine, akaacha sinema kwa miaka mingi, akaunda sanamu za chuma zinazotikisika. Alifariki mwaka 1980.

Siku hizi nyimbo nyingi hutolewa pamoja na picha zake. Lye alitangulia.

Sasa andikeni jibu: Lye alikosa nini, na kukosa huko kulimfundisha nini? Kwaherini.