Kufumua Kabla ya Kushona

Chukua sweta kutoka rundo la fagia, zile nguo za mwisho katika robota la mitumba baada ya wenye jicho kali kuondoka na kamera, yaani zile bora za kwanza. Igeuze, uangalie mshono wa ubavuni. Ukiona ukingo uliokatwa kisha ukafungwa kwa ovaloki, irudishe: uzi wake utatoka vipande vipande. Ukiona kingo nzima zilizoungwa kwa mnyororo wa uzi mmoja, kata fundo la begani, uvute mshono ufunguke, kisha ufumue kila kipande. Sweta itarudi kuwa uzi, umejikunja kama nywele zilizotoka kufumuliwa. Ufue, uanike ukiwa umefungiwa kitu kizito chini, nao utanyooka.

Ningepewa darasa la ufundi wa mabaki Kitale, mji ulio karibu mita 1,900 juu ya bahari na wenye baridi ya kudai sweta, ningeanzia hapo. Bungoma, chini zaidi na kwenye joto zaidi, ningeanza na shati la pamba na jinzi. Lakini somo la kwanza lingekuwa moja, kufumua. Kiswahili hulitumia neno hilo kwa nywele, kwa uzi na kwa mshono, nami naona hekima ndani yake: anayefumua haharibu, anajiandaa kusuka upya.

Wajapani walilijua hilo mapema. Kimono hukatwa kwa vipande vilivyonyooka kutoka jora moja jembamba, kwa hiyo zamani ilifumuliwa yote ili ifuliwe, vipande vikawambwa vikauke, kisha ikashonwa tena. Mshono wake ulitarajiwa kufunguliwa. Kaskazini, upande wa Aomori, ambako baridi haikuruhusu pamba kumea, wakulima walipanga matambara tabaka juu ya tabaka, kiraka juu ya kiraka, kwa vizazi. Nguo hizo, boro, zilikuwa alama ya ufukara. Leo zinahifadhiwa kama urithi.

Wanawake wa Bengali nao hawafumui sari nzima. Hulaza sari kuukuu kadhaa pamoja, huchomoa nyuzi za rangi kwenye pindo zake, na kwa nyuzi hizo hizo hushona kantha, blanketi laini la kumfunika mtoto. Pwani yetu ilishika njia nyingine kabisa. Kanga haina vipande vilivyoungwa vya kufumua. Inachakaa ikiwa mstatili ule ule, ikitoka kiunoni ikawa mbeleko, ikitoka mbeleko ikawa nepi, mwisho tambara la jikoni. Hakuna aliyeandika mtaala wa safari hiyo, ila kila nyumba inaujua.

Tofauti kubwa ninayoiona si ya ustadi bali ya jamaa ya nguo. Kantha ina sari ya mama au nyanya. Anayejifunika anajua nani aliivaa. Koti linalouzwa Bungoma halina ukoo. Limevaliwa na mtu asiyejulikana, likaja ndani ya mtumba, neno ambalo zamani lilikuwa furushi la mpagazi. Tena Aomori matambara yalikuwa adimu, ilhali sokoni kwetu yanazidi mahitaji. Uhaba hufundisha subira; wingi hudai uchaguzi, na kuchagua ni kugumu vilevile. Kampala, mbunifu Bobby Kolade aliyajibu maswali ya wingi huo kwa namna yake: hushona mitumba upya na kuiuza huko huko ilikotoka.

Mwaka 1966 unanivutia kwa sababu ya mambo mawili yaliyotokea mbali mbali. Kenya, ripoti ya Baraza la Kikristo iliuliza mtoto akimaliza shule afanye nini, na kutokana nayo vikazaliwa vyuo vya ufundi vya vijijini. Alabama, wanawake Weusi waliozoea kushona mablanketi kwa nguo kuukuu za shambani walianzisha ushirika, Freedom Quilting Bee. Kote kuwili lengo lilikuwa riziki yenye heshima, na lilifikiwa kwa kiasi. Lakini maduka makubwa ya New York yalitaka mablanketi yanayofanana, na mikono iliyozoea kubuni ikafuata kielelezo. Kwetu fundi mwanafunzi hujifunza kwa rula, karatasi ya kaki na kitambaa kipya, maana soko la uhakika ni sare za shule, nazo lazima zifanane. Siwalaumu walimu, sare imelipa karo nyingi. Ila nguo kuukuu ilibaki nje ya darasa, kana kwamba haina la kufundisha.

Hapo ndipo koti lisilo na ukoo linapoizidi kimono. Kimono ikifumuliwa inarudi kuwa jora, mistatili mitupu. Koti likifumuliwa linatoa maumbo: mkono wenye kilima juu, kola, mgongo uliopinda kufuata mabega. Mwanafunzi akiulaza ule mkono juu ya karatasi ya kaki na kuuzungusha kwa penseli, ana kielelezo kilichochorwa na fundi asiyemjua. Kwenye ukingo ataona mikato midogo ya mkasi, mmoja mbele, miwili nyuma, aliyoiacha fundi huyo ili mshonaji ajue upande upi uwe mbele na upi uwe nyuma.