Bwana DC alikwenda kazini na kaptula

Kwenye geti la ofisi nyingi za serikali Tanzania kuna bango ambalo wananchi wamelisoma sana wakisubiri mlinzi aandike majina yao daftarini. Wamechorwa watu, kila mmoja kapigwa alama ya X: mwenye kimini, mwenye nguo ya kubana, kijana wa kata K, na pembeni dume zima ndani ya kaptula.

Hao wengine wana mawakili wao. Mimi namtetea huyu wa pembeni, na historia iko upande wake, kwa sababu aliyetuletea ofisi alikuja amevaa kaptula.

Tazama picha za maofisa wa Kiingereza wa zama za ukoloni, Tanganyika, Kenya au Uganda. Bwana DC, yaani mkuu wa wilaya, kasimama mbele ya boma, kaptula ya kaki imetiwa wanga na kupigwa pasi ya mkaa hadi mkunjo wake unakata kama wembe. Miguu ya kaptula ni mipana, upepo unaingia huku na kutokea kule. Soksi zimepandishwa hadi chini ya goti, zikakunjwa kwa juu. Kwa vazi hilo aliamua kesi, akasimamia kodi ya kichwa na kumwandikia gavana ripoti ndefu. Suruali ndefu na tai alivitoa sandukuni jioni, wakati wa chakula na mbu. Hakuna mlinzi aliyemrudisha nyumbani akabadilishe.

Askari wake nao walivaa kaptula. King's African Rifles, jeshi lililoundwa mwaka 1902, lilikwenda nayo hadi vitani, na polisi wa Tanganyika walilinda mitaa magoti yakiwa nje.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. DC aliivaa kwa sababu ya joto. Mwafrika alivalishwa ili ajue nafasi yake. Mfano mchungu kabisa uko Robben Island. Mwaka 1964 Nelson Mandela na wenzake walipofikishwa huko, wafungwa Waafrika walipewa kaptula. Ahmed Kathrada, mwenye asili ya Kihindi, aliyehukumiwa pamoja nao, akapewa suruali ndefu. Maana yake Mwafrika ni boi tu, hata akiwa wakili wa miaka 45. Walilalamika hadi wakapata suruali, na nani angewalaumu?

Shule nazo ziliendeleza kasumba hiyo bila ubaya wowote. Mvulana wa shule ya msingi ni kaptula. Akifika kidato cha kwanza ananunuliwa suruali, na siku hiyo anatembea taratibu ili mtaa mzima umwone. Mwanamume aliyepitia hapo hawezi kumwona mhasibu wa kampuni na kaptula bila kumtafutia mkoba wa darasa la tatu.

Kwa hiyo baada ya uhuru tuliikimbia, na tulikuwa na sababu. Ajabu ni tulikokimbilia. Nguo ya mkoloni ya mchana tukaitupa, ya jioni tukaikumbatia, tena saa saba adhuhuri. Kenneth Kaunda wa Zambia alijaribu kutuokoa na suti yake isiyodai tai. Novemba 2023 Spika Moses Wetang'ula akaipiga marufuku katika Bunge la Kenya, ingawa Rais William Ruto mwenyewe ni mpenzi mkubwa wa suti hiyo. Kama Kaunda kazuiwa mlangoni, kaptula itapitia dirisha gani?

Gharama yake tunaiona kila Februari. Dar es Salaam nje ni nyuzi 32, ndani kiyoyozi kimeshushwa hadi 18, na dada wa mapokezi kajifunika mtandio juu ya sweta. Tunalipia umeme ili suti za wanaume zisijisikie vibaya. Wajapani walishtuka mapema: mwaka 2005 waziri wao wa mazingira, Yuriko Koike, alihimiza viyoyozi vya ofisini viwekwe nyuzi 28 wakati wa joto, tai na makoti vibaki nyumbani.

Bermuda wao hawakuwahi kuhangaika. Inasimuliwa kwamba mwaka 1914 mwenye mgahawa wa chai, Nathaniel Coxon, alizikata suruali za wafanyakazi wake kwa sababu ya joto la jikoni, na maofisa wa jeshi la majini la Uingereza waliokuwa wateja wake wakapendezwa. Leo mtu wa benki pale Hamilton huvaa koti, tai, soksi ndefu na kaptula ya waridi, na watu wanamkabidhi pesa zao. Mwaka 2018 timu yao iliandamana na kaptula nyekundu kwenye ufunguzi wa Olimpiki ya majira ya baridi, Pyeongchang, baridi kali ikiwang'ata.

Huko Nantes, Ufaransa, Juni 2017, madereva wa basi waliokatazwa kaptula wakati wa joto kali walikuja kazini na sketi, kwa kuwa sketi iliruhusiwa. Wakubwa wakalegeza msimamo.

Nami sidai makubwa. Kaptula iwe ya kitambaa cha suruali, ifike gotini, ipigwe pasi, ifungwe mkanda, na shati lichomekwe. Yenye mifuko sita ya mapajani ibaki shambani. Ya mpira ibaki uwanjani. Ijumaa zinatosha kwa kuanzia. Na kwa kuwa wengi wetu magoti hayajaona jua tangu kidato cha kwanza, idara ya utumishi iweke kopo la mafuta ya mgando pale kwenye daftari la mahudhurio: mtu asaini, ajipake, ndipo apande ghorofani.