Uhuishaji wa programu za simu baada ya kiunzi kubadilika

Programu nyingi za simu za mkononi hujengwa juu ya kiunzi cha React Native, kilichotolewa na kampuni ya Facebook mwaka 2015. Programu ya namna hiyo ina sehemu mbili: sehemu asilia, inayowasiliana na simu yenyewe, na sehemu iliyoandikwa kwa lugha ya JavaScript. Hii ya pili huweza kubadilishwa kupitia intaneti bila kusubiri ukaguzi wa maduka ya Apple na Google, mradi madhumuni ya programu yasigeuzwe. Kasoro iliyogunduliwa asubuhi yaweza kuondolewa kabla ya jioni.

Kwa miaka kadhaa chombo mashuhuri cha kazi hiyo kilikuwa CodePush ya Microsoft. Kilikuwa na kinga nzuri: toleo jipya lisipothibitisha kwamba limefunguka salama, programu ilirejea toleo la awali ilipowashwa tena.

Oktoba 2024, React Native 0.76 iliufanya usanifu mpya kuwa wa kawaida. Usanifu huo uliachana na "daraja" la zamani, ambamo ujumbe baina ya sehemu hizo mbili ulipita ukiwa umefungashwa, na kuweka mawasiliano ya moja kwa moja. CodePush haikuufuata, waliohamia 0.76 walitakiwa kuuzima usanifu mpya ili waendelee kuitumia. Ahueni hiyo haikudumu, kwani toleo la 0.82 la Oktoba 2025 liliondoa ruhusa ya kuuzima. Kabla ya hapo, Machi 31, 2025, Microsoft ilikuwa imefunga huduma ya App Center iliyosambaza mabadiliko hayo, ikiacha msimbo wa seva wazi kwa anayetaka kuiendesha mwenyewe.

Ugumu mkubwa uko kwenye simu ambazo tayari zimo mikononi mwa watu. Anwani ya seva ya CodePush huandikwa katika sehemu asilia, hivyo haibadilishwi kwa njia ya uhuishaji wenyewe. Mtumiaji asiyepakua toleo jipya dukani hubaki na programu inayofunguka kama kawaida, lakini haipokei marekebisho tena.

Kwa sababu hiyo, chombo mbadala, kama vile Expo Updates, hujaribiwa mapema, tena katika toleo kamili la kusambazwa. Wakati wa uundaji JavaScript hutoka kwenye kompyuta ya mwandaaji, na hitilafu ya uhuishaji haionekani. Hutumwa pia toleo bovu kwa makusudi, kuona kama simu itarudi nyuma. Aidha, kila furushi hupewa alama ya sehemu asilia linayoendana nayo, lisije likatua kwenye programu ya zamani na kuiangusha.