Miguu ya Byrne katika picha ya Hunter

Juu kabisa, kona ya kulia ya picha, mifupa ya miguu miwili inaning'inia, kisha fremu inaikata. Mtazamaji mwenye haraka haioni. Macho yake huishia kwa mwenye picha, John Hunter, daktari mpasuaji wa London, aliyechorwa na Joshua Reynolds mwaka 1786.

Wakati huo upasuaji ulikuwa bado unajisafishia jina. Hadi 1745 wapasuaji wa London walikuwa chama kimoja na vinyozi, na matabibu wenye shahada za chuo kikuu waliwaona kuwa mafundi wa mikono tu. Ndiyo maana katika picha hii huoni kisu, msumeno wala tone la damu. Hunter ameshika kalamu ya unyoya, mezani pana vitabu, na macho ameyainua kama mtu aliyezama katika fikra. Inasimuliwa kwamba Reynolds alihangaika kumpata vizuri, mpaka siku moja Hunter akapotelea mawazoni pale kitini, mchoraji akaidaka sura hiyo. Hadithi inapendeza mno, nami naishuku kidogo. Mkao wa mwanafalsafa ulikuwa biashara ya Reynolds. Wateja wake walilipia heshima.

Miguu ile ni ya Charles Byrne, kijana wa Ireland mwenye kimo cha karibu mita 2.3, ambaye watu wa London walilipa kiingilio kumtazama. Alijua wapasuaji wanaumezea mate mwili wake, akawaagiza rafiki zake wamzike baharini ndani ya jeneza la risasi. Alifariki mwaka 1783, akiwa na umri wa miaka 22. Hunter aliwahonga waliokabidhiwa maiti. Kiasi kinachotajwa sana ni pauni 500, fedha nyingi kwa enzi hizo. Akauchemsha mwili, akabaki na mifupa.

Miaka mitatu baadaye mifupa hiyo ikawekwa kwenye picha, tena si kwa bahati mbaya. Ilikuwa fahari ya mkusanyaji, na hakuna aliyeona haja ya kuificha. Kwangu mimi, kona hiyo inamweleza Hunter kwa ukweli zaidi kuliko uso wake wote wa busara.

Rangi za Reynolds zilijulikana kwa kuchakaa upesi, na hii nayo iliingia giza. Nafuu ni kwamba mwaka 1788 William Sharp aliichonga kwenye bamba la shaba, na nakala zilizochapwa zikahifadhi mengi yaliyofifia.

Mwaka 2023 Jumba la Makumbusho la Hunter, London, lilifunguliwa upya bila mifupa ya Byrne ukumbini. Haikupelekwa baharini, bali imehifadhiwa kwa ajili ya utafiti. Picha bado inaonyeshwa kwa umma, na miguu yake imo.