Bunduki Kuukuu ya Milioni 70, na Kwa Nini Inatuhusu

Oktoba 2010, kwenye mnada mmoja jimbo la Maine, Marekani, bunduki kuukuu iliuzwa dola 862,500. Kwa kiwango cha wakati ule hiyo ni karibu shilingi milioni 70. Ungenunua ploti, upige flati, na bado ubaki na pesa ya nduthi. Na wala haikuwa bunduki ya vita. Ni shotgani ya mitutu miwili, ile ya kuwindia ndege, kazi ya kampuni ya A.H. Fox ya Philadelphia.

Mwenyewe alikuwa Theodore Roosevelt. Alipewa zawadi na Fox mwenyewe alipomaliza urais mwaka wa 1909. Na unajua aliibeba akaenda nayo wapi? Huku kwetu, mazee. Aprili mwaka huo alishuka meli Mombasa, akapanda treni mpaka Kapiti, na safari yake ya kuwinda ikaanzia hapo.

Wiki hizi nimezama kwenye historia ya hizi bunduki, hadi rafiki yangu akaniuliza, "Kwani siku hizi wewe ni wa kusifu bunduki?" Swali poa. Mtu aliyekulia hapa akisikia neno bunduki hawazi sanaa, anawaza matanga. Kwa hivyo wacha nimjibu vizuri.

Kwanza, mbona mitutu miwili? Shotgani hairushi risasi moja. Inarusha marisau, yaani punje nyingi ndogo kwa mpigo. Mtutu mmoja kwa kawaida mdomo wake uko wazi zaidi, kwa hivyo marisau yanatawanyika haraka. Huo ni wa ndege aliye karibu. Wa pili umebanwa kidogo mdomoni, marisau yanasafiri yakiwa yamekusanyika, wa ndege ambaye ameshafika mbali. Ndiyo maana nyingi zina triga mbili: unachagua. Ukikosa mara mbili, basi, ndege ameenda zake, na wewe unaikunja bunduki katikati kuweka risasi upya.

Sasa watengenezaji. Kule Meriden, Connecticut, kulikuwa na jamaa anaitwa Charles Parker. Moja ya bidhaa zake ilikuwa vinu vya kusagia kahawa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipoisha mwaka wa 1865, kampuni ya familia yake ikaingia kwenye shotgani, na hadi miaka ya 1940 zilikuwa zimetoka Parker zaidi ya 240,000. Kule Syracuse, New York, Lyman C. Smith alikuwa na fundi mmoja mkali sana, Alexander T. Brown, aliyemchorea bunduki. Baadaye Smith akauza biashara ya bunduki kwa familia ya Hunter ya mji wa Fulton, akahamia taipureta, na Brown huyo huyo ndiye aliyemchorea taipureta pia! Kama umewahi kuona taipureta imeandikwa Smith-Corona, huyo Smith ndiye huyu.

Kilichonishika hasa ni kazi yenyewe. Mitutu ya zamani iliitwa ya Damascus. Fundi anachukua vipande vyembamba vya chuma laini na chuma kigumu, anavisokota pamoja kama mtu anayesuka nywele, anavizungusha kwenye fimbo ya chuma, kisha vinapigwa nyundo vikiwa vyekundu kwa moto mpaka viwe bomba moja. Ukipitisha asidi juu yake, mistari ya ule msuko inajitokeza. Mingi ilitoka Liège, Ubelgiji. Baruti isiyo na moshi ilipoenea, mitutu ya chuma kimoja ikachukua nafasi yake, na hadi leo mtu mwenye akili hatii risasi za kisasa kwenye mtutu wa Damascus bila kuupeleka kwa fundi kwanza.

Halafu kuna kuunganisha. Fundi anapaka chuma masizi, anafunga bunduki, anafungua, anaangalia masizi yamegusa wapi, anapiga tupa kidogo tu pale. Anarudia. Tena. Na tena, mpaka mitutu na kiwiliwili vishikane kama mlango wa sefu. Mwisho vile vyuma vya katikati vinafukiwa ndani ya makaa ya mifupa, vinachomwa, kisha vinatumbukizwa majini. Vinatoka na mawimbi ya buluu, kahawia na zambarau, na hakuna viwili vinavyofanana.

Kazi kama hiyo si rahisi, na bei pia si rahisi. John Browning alichora bunduki ya pampu ambayo Winchester waliiuza kuanzia 1897, na 1912 wakaleta nyingine, Model 12. Risasi kadhaa bila kupakia upya, sehemu nyingi zimekatwa na mashine, bei nafuu. Uchumi ulipoanguka mwaka wa 1929 na kuendelea, mambo yakawa noma. Fox ikaenda kwa Savage mwaka wa 1929. Parker ikaenda kwa Remington mwaka wa 1934. Winchester wenyewe walileta ya mitutu miwili, Model 21, wakati huo huo mbaya, na ilidumu kwa sababu bosi wao mpya, John Olin, aliipenda. Kisha vita vya pili vya dunia vikaja, na zama zenyewe zikaisha.

Ndiyo maana leo watu wanazikusanya. Na wakusanyaji wana sheria zao. Namba kwenye mitutu, kwenye kiwiliwili na kwenye mbao ya mbele lazima zilingane. Ukiipiga msasa na kuipaka rangi upya ili ing'ae, umeishusha bei. Wanataka ile rangi ya kwanza, hata kama imefifia pale ambapo kiganja cha mtu kilishika kwa miaka hamsini. Wanataka historia isifutwe.

Sawa. Hapo ndipo naanza kuuliza maswali, kwa sababu historia ya hizi bunduki haikuishia kwenye karakana.

Enzi hizo hizo, Marekani ilikuwa na wawindaji wa biashara. Reli zilibeba ndege waliouawa kwa mapipa hadi sokoni Chicago na New York. Kulikuwa na aina moja ya njiwa wa porini ambao makundi yao yalifunika jua, mabilioni kwa hesabu. Nyavu, bunduki na ukataji wa misitu viliwamaliza. Wa mwisho, jike aliyeitwa Martha, alikufa kwenye bustani ya wanyama ya Cincinnati tarehe 1 Septemba 1914. Sheria kubwa ya kulinda ndege wanaohama ilikuja mwaka wa 1918. Martha alikuwa ameshaondoka.

Na Roosevelt? Kusema ukweli, akiwa rais alitenga ardhi kubwa ajabu kwa ajili ya misitu na wanyama. Lakini huku kwetu msafara wake ulikusanya wanyama kama 11,400 kwa ajili ya makumbusho ya Smithsonian, kuanzia wadudu hadi ndovu. Yeye na mwanawe Kermit peke yao waliandika hesabu yao: wanyama 512. Wale wakubwa wengi walipigwa kwa raifo, si kwa hiyo Fox, lakini safari ni ile ile. Na mizigo ilibebwa na wapagazi zaidi ya mia mbili. Wabeba bunduki wake wa mwanzo, Muhamed na Bakari, anawataja kwenye kitabu chake. Kwenye bei ya milioni 70, ni nani aliyewakumbuka?

Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka wa 1977. Mimi sina haja ya kumiliki bunduki, na sikushawishi uitafute. Jibu langu kwa rafiki yangu ni hili: naweza kumvulia kofia fundi wa Meriden aliyepiga tupa siku nzima, na bado nimlilie Martha. Sioni kwa nini nichague kimoja. Wakusanyaji wanasema usifute alama za kiganja kwenye chuma. Nakubali kabisa. Basi tusifute viganja vya walioibeba pia.

Siku ukisimama mbele ya kitu cha zamani makumbusho, au hata redio ya guka wako pale sebuleni, uliza mawili: nani alikitengeneza, na nani alikibeba. La pili mara nyingi halijaandikwa kwenye kibao.